"Ni Softwea Tu": Maneno Matatu Yanayokula Pesa za Wanaonunua Simu Zilizotumika

Ukipita Luthuli Avenue jijini Nairobi ukiwa na simu iliyokataa kuwaka, hutapiga hatua ishirini kabla hujasikia: "Hiyo ni softwea tu, boss. Niachie, uikujie jioni." Sentensi hiyo hiyo utaipata Mombasa, Kisumu, Eldoret, na hata kule soko la nyumbani kwenu hakosi kijana mmoja mwenye laptop na kebo tatu anayeisema. Husemwa kwa upole, kama muuguzi anayekuambia usijali, ni malaria tu. Kati ya maneno yote ya kuuzia simu zilizotumika, hayo ndiyo ningependa wateja wetu wayaogope zaidi.

Nilisomea masoko chuo kikuu, kwa hivyo najua kazi ya neno "tu". Linapunguza uzito wa kitu ili usikiulize maswali. Imetumika miezi mitatu tu. Ina mkwaruzo mdogo tu. Ni ya betri tu. Ukishalisikia mara tatu, mkono umeingia mfukoni, menyu ya kutuma pesa imefunguka, na PIN umeiweka kabla hujajua unalipia nini. Sisi wengine tulifundishwa darasani kuandika maneno ya aina hiyo, na si haramu. Lakini anayenunua ajue anauziwa neno, na neno halipigi simu.

Msimamo wangu nauweka mapema: simu iliyotumika ambayo haiwaki hadi skrini ya kwanza, mbele ya macho yako, baada ya kufutwa kila kitu, usiilipie. Usilipe deposit, usilipe nusu, usilipe "ya fundi" ukiahidiwa itapunguzwa kwenye bei. Hata kama bei ni poa kiasi gani. Hasa kama bei ni poa.

Shida ni kwamba neno softwea limegeuka gunia. Kila tatizo la simu linatupwa humo, na wewe unalipia gunia zima bila kufunguliwa uone ndani.

Kuna simu ambazo hazina shida ya softwea hata kidogo. Zimekosa chaji au kuna kifaa ndani kimekufa. Hizi hazinichukulii muda. Betri iliyoisha kabisa inaweza kukaa kwenye chaji nusu saa, wakati mwingine saa nzima, kabla haijaonyesha dalili yoyote, kwa hivyo jaribu chaja nyingine na kebo nyingine kabla ya kuhukumu. Kama ina laini, ipigie: ikiita au ikitetemeka na kioo kikabaki cheusi, simu iko hai, kilichokufa ni kioo. Chomoa kile kijisahani cha laini umulike ndani na tochi. Kwenye iPhone na simu zingine nyingi kuna alama ndogo nyeupe au ya rangi ya fedha ambayo ikiguswa na maji hugeuka nyekundu. Ukiona nyekundu, mshukuru muuzaji uende zako. Maji hayatibiwi na laptop.

Halafu kuna zile ambazo kweli mfumo umeharibika. Zinawaka, zinaonyesha nembo, zinazima, zinaonyesha nembo tena, hivyo hivyo hadi asubuhi. Hutokea simu ikizimika katikati ya kusasishwa, au hifadhi ikijaa pomoni mpaka mfumo unakosa nafasi ya kufanyia kazi. Hapa fundi anayesema softwea anasema kweli. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe bila kumlipa mtu.

Anza kwa kuilazimisha kuwaka upya. Kwenye iPhone 8 na zilizofuata, bonyeza na uachie haraka kitufe cha kuongeza sauti, bonyeza na uachie haraka cha kupunguza, kisha shikilia kitufe cha ubavuni hadi nembo ya tufaha itokee. Ikirudia tabia yake, iunganishe na kompyuta, rudia vitufe hivyo hivyo, ila safari hii nembo ikitokea usiachie. Endelea kushikilia mpaka uone picha ya kebo na kompyuta.

Kompyuta itakupa chaguo mbili, na hapa ndipo watu wanachoma picha za miaka mitano. Update huweka mfumo upya na kujaribu kuacha vitu vyako mahali vilipo. Restore hufuta kila kitu. Kama simu ni yako na ina vitu unavyovihitaji, anza na Update. Na mtandao wetu tunaujua: upakuaji ukizidi dakika 15, simu itatoka yenyewe kwenye hali hiyo na wewe utadhani imekufa kabisa. Haijafa. Acha kompyuta imalize kupakua, kisha urudie vitufe.

Kwa Android, vitufe hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini mara nyingi ni kushikilia cha kuwasha pamoja na cha kuongeza sauti simu ikiwa imezimwa. Utapata menyu ya maandishi isiyo na mapambo. Iwashe upya kutoka hapo kwanza. Zingine zina chaguo la kufuta kashe, ambalo haligusi picha wala jumbe zako. Lile la kufuta data yote liwe la mwisho kabisa, kwa sababu data ya simu za siku hizi huhifadhiwa ikiwa imefungwa kwa msimbo, na ukishaifuta hakuna wa kuirudisha, hata akikuambia ana mashine ya kutoka China.

Kwenye iPhone kuna namba utakazokutana nazo: 9, 4013, 4014. Zinamaanisha mawasiliano ya simu na kompyuta yalikatika kazi ikiendelea. Badilisha kebo, badilisha tundu la USB, badilisha kompyuta. Ukibadilisha vyote na namba ikabaki ile ile, kuna uwezekano mkubwa shida iko kwenye bodi ndani. Kuflashi, yaani kuweka mfumo upya (si ile ya kumbipu mtu akupigie), hakutasaidia. Anayehitajika hapo ni fundi wa bodi mwenye darubini, na kazi yake si ya "uikujie jioni". Kama simu hujainunua bado, namba hiyo ikirudi mara ya tatu imeshakujibu.

Sasa nifike kwa kitu kilichonifanya niandike.

Simu inawaka vizuri. Imefutwa. Inakusalimu kwa lugha kumi. Unachagua Kenya, unaweka WiFi, halafu inasimama. iPhone inataka akaunti ya Apple na paswadi ya mtu usiyemjua. Android inakuambia uthibitishe kwa akaunti ya Google iliyokuwa kwenye simu hii. Muuzaji anatabasamu. "Hiyo ni softwea tu, dada. Nipe soo tano juu nikufungulie."

Hapo simu imeuliza mwenyewe ni nani, na jibu haliko kwenye laptop ya muuzaji.

Apple ilileta kufuli hilo mwaka wa 2013 pamoja na iOS 7. Google ikaleta lake kwenye Android 5.1 mwaka wa 2015. Kabla ya hapo, aliyekunyang'anya simu dirishani mwa matatu alihitaji tu kuifuta na kuiuza kama yake. Sasa kuifuta hakumfaidi sana. Kwa iPhone, habari kwamba simu ni yako ziko kwenye kompyuta za Apple. Kwa Android ziko sehemu ya simu ambayo kuriseti kwa vitufe hakuigusi. Ndiyo maana simu ya aina hii unaweza kuiriseti mara mia na kila mara ikarudi kwa swali lile lile.

Utaambiwa kuna njia ya kupita. Sitakudanganya, kwa baadhi ya simu ipo. Septemba 2019 ulichapishwa mwanya unaoitwa checkm8, ulio ndani ya chipu za iPhone kuanzia 4S hadi X, na Apple haiwezi kuuziba kwa kusasisha mfumo. Wengi wanaofungua iPhone za zamani wanautegemea huo. Lakini angalia unachobaki nacho mkononi: simu ambayo mara nyingi haishiki mtandao wa laini, ambayo ukiifuta tena inarudi kwenye kufuli, na ambayo mfumo wake umechezewa na programu ya mtu usiyemjua. Android zilizofunguliwa kwa nguvu nazo zina lao: programu nyingi za benki zikigundua mfumo umebadilishwa hukataa kufunguka. Kwa hivyo umelipa bei ya simu, ukaongeza soo tano, na bado huna simu ya kuwekea pesa. Na hata ikikubali, mimi singeweka PIN yangu humo.

Kufuli hili lina binamu, na kwa maoni yangu linazungumziwa kidogo mno. Ni lile la simu za lipa mdogo mdogo. Mtu anachukua simu kwa mkopo, analipa wiki kadhaa, anakuuzia kwa bei tamu, anaacha kulipa. Siku ya malipo ikipita, kampuni iliyokopesha inaifunga kutoka mbali, na wewe unabaki na simu inayokudai deni ambalo hukulikopa. Kuriseti hakusaidii hapo pia. Kabla hujalipa, ingia kwenye mipangilio uangalie kama kuna mahali pameandikwa kwamba simu inasimamiwa na kampuni fulani. Muulize muuzaji wazi: hii ilikopwa? Deni lilimalizwa lini? Ujumbe wa kumaliza deni uko wapi? Mwenye kitu halali hatakasirika. Anayekasirika amekuokolea pesa.

Nisiwaonee wauzaji. Si kila simu iliyofungwa imeibwa. Nyingi zimefungwa kwa sababu mwenyewe aliiuza bila kuondoa akaunti yake, halafu mtu wa kati akaifuta kwa vitufe akidhani anaisafisha. Hizo zinafunguka kihalali na bure. Kwa iPhone, mwenye akaunti anaweza kuiondoa simu kwenye akaunti yake kupitia iCloud, hata akiwa Malindi nawe uko Nakuru. Kwa Android, njia ya uhakika ni mwenyewe aingize akaunti yake kwenye simu hiyo, kisha aiondoe kupitia mipangilio. Kama amesahau paswadi akaibadilisha leo, Google inashauri kungoja saa 24 kabla ya kuiriseti simu, kwa hivyo msirukie kazi hiyo saa hiyo hiyo. Na kama mwenyewe amesahau kila kitu lakini ana risiti halisi ya dukani, Apple hupokea maombi ya kuondolewa kufuli kutoka kwa mwenye ushahidi wa kununua. Mwenye ushahidi, nasema. Aliyeokota hana.

Kwa hivyo kipimo changu ni rahisi. Mwambie muuzaji: ondoa akaunti, nitangoja. Mwenye simu atamaliza ndani ya dakika tano. Mwingine ataanza hadithi: simu ni ya mjomba aliyerudi Uingereza, mjomba hapatikani, WhatsApp yake ina tiki moja. Sheria ya Kenya haimwonei huruma anayenunua akijua. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayepokea mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa anaweza kufungwa hadi miaka 14. Simu inayouliza akaunti ya mtu mwingine, muuzaji asiyeweza kumpata mtu huyo, na bei nusu ya sokoni: jaribu kumwambia hakimu hukuwa na sababu ya kuamini.

Najua kuna watakaopinga. Rafiki zangu wawili watatu huniambia kufuli hizi zinaumiza maskini: simu nzuri zinageuka takataka droo ni droo, na mtu wa mshahara mdogo anakosa simu ya bei nafuu. Kuna ukweli hapo. Inauma kuona simu nzima ikiuzwa vipande, kioo huku, kamera kule, kwa sababu ya paswadi ya mtu aliyesahau. Lakini fikiria upande wa pili. Mtu wa mshahara mdogo ndiye ambaye simu yake ndiyo benki, ndiyo duka, ndiyo leja ya chama. Siku ikinyakuliwa, kufuli hilo hilo ndilo linalofanya isiwe na bei kwa mwizi. Tukizoea kuwalipa watu wavunje kufuli, tunampa aliyenyakua soko. Siwezi kulilia kufuli siku ninanunua halafu nilishukuru siku nimeibiwa.

Mbona kampuni ya malipo inaandika kuhusu vitufe na kufuli? Kwa sababu simu ikikataa kuwaka, swali la kwanza la wateja wengi huwa si la simu. Ni: pesa zangu ziko wapi?

Haziko ndani ya simu. Ziko kwenye akaunti iliyofungwa kwa nambari yako, na mlango wake ni laini pamoja na PIN. Simu ikizima, chomoa laini, ipachike kwenye kabambe yoyote ya mtu unayemwamini, angalia salio kwa menyu ya laini. Mulika mwizi ya elfu moja na kitu itakutumia pesa sawasawa na simu ya elfu hamsini. (Kama unatumia eSIM hakuna cha kuchomoa, beba kitambulisho uende duka la mtandao wako.) Ukishaona salio liko, utatulia, na mtu aliyetulia habebi simu mbio kwa fundi wa kwanza anayemwita.

Na kwa fundi, laini isiende. Hili watu hulipuuza sana. Unampa fundi simu ikiwa na laini ndani, anakuomba nambari ya kufungulia simu "nitest ikishapona", unampa, unaenda kunywa chai. Kwa saa tatu ana laini yako, jumbe zako, na kila msimbo wa uthibitisho unaoingia kwa SMS. Wengi ni watu waaminifu wanaotafuta riziki, nawaheshimu. Ila uaminifu wa fundi si jambo la kupima kwa akiba yako. Dada mmoja anayeuza nguo mtaani kwetu ana utaratibu wake ambao naupenda: huchomoa laini mbele ya fundi, huweka kwenye kabambe, kisha humwambia, "Fundi, ukimaliza nipigie kwa hii nambari, nitakuja nifungue mwenyewe." Hajawahi kukataliwa. PIN ya pesa nayo haina sababu hata moja duniani ya kujulikana na fundi. Akiiuliza, chukua simu yako, hata kama ameshaifungua vipande.

Sasa kuhusu kulipa kwenyewe. Simu ukiijaribu, ijaribu kwa mpangilio huu: muuzaji aondoe akaunti, aifute kutoka kwenye mipangilio na si kwa vitufe, iwake upya, uifikishe mpaka skrini ya kwanza bila kuulizwa akaunti ya mtu. Weka laini yako, piga simu moja. Bonyeza *#06# uone IMEI, namba yake ina tarakimu 15, uilinganishe na iliyo kwenye mipangilio na kwenye boksi kama lipo. IMEI si mapambo. Mwisho wa Septemba 2012 serikali iliagiza simu bandia zizimwe kwenye mitandao yote ya Kenya, na waliokuwa nazo waliamka wakakuta hazishiki mtandao. Ikikubali yote hayo, lipa.

Lipa kwa till ya duka kama lipo, na kabla ya kuweka PIN soma jina linalotokea. Kama duka linaitwa hivi na jina linasema vile, uliza. Andikiwa risiti yenye tarehe, aina ya simu, IMEI, jina na nambari ya muuzaji. Ujumbe wa malipo unaonyesha pesa zilienda wapi. Hauonyeshi zilinunua nini, kwa hivyo usiutegemee peke yake.

Na tafadhali, tuelewane kuhusu kurudisha muamala. Huduma hiyo ni ya pesa zilizoenda kwa nambari isiyo sahihi. Simu ikikataa kuwaka kesho, pesa zako hazikukosea njia. Zilienda pale pale ulipozituma. Kuomba zirudishwe kwa kisingizio cha "nilikosea nambari" ni udanganyifu, na wafanyabiashara wadogo wameumizwa nao vya kutosha. Ndiyo maana nasisitiza kujaribu kwanza. Baada ya PIN, nguvu ya kumshurutisha muuzaji inapungua sana.

Wanaonunua kutoka mitandaoni wana shida yao zaidi, kwa sababu simu hawaioni. "Tuma ya delivery kwanza" ni pesa ndogo, mia tatu, mia nne, na ndiyo sababu inafanya kazi. Ikishaenda, inafuata ya "kuhifadhiwa isichukuliwe na mwingine". Kutana na muuzaji mahali penye watu, mchana, penye umeme na WiFi au bando la kutosha, maana bila intaneti ile hatua ya kuulizwa akaunti huwezi kuithibitisha. Muuzaji anayetaka mkutane stejini saa moja jioni simu ikiwa na chaji asilimia 2 anajua anachokifanya. Kuna na mchezo mwingine: anakuambia uingize akaunti yake kwenye simu yako "ili uone picha" au "ili ikufungulie". Akaunti yake ikiingia kwenye simu yako, anaweza kuifunga kutoka mbali na kukudai pesa za kuifungua. Kataa. Usiingize akaunti isiyo yako kwenye simu yako kwa sababu yoyote.

Kwa upande wa pili, wewe unayeuza: fanya mambo yako kwa mpangilio. Toa pesa zako na ujitoe kwenye programu ya malipo, chomoa laini, ondoa akaunti ya Google au ya Apple, kisha futa simu kutoka kwenye mipangilio. Ukifuta kwa vitufe bila kuondoa akaunti, umemuuzia mtu tofali, na atakupigia usiku.

Na kama umeshalipa na simu inakutazama tu? Rudi kwa muuzaji siku hiyo hiyo ukiwa na mtu mwingine, bila fujo. Usimpe fundi mwingine aifungue kwanza, maana muuzaji atasema wewe ndiye uliyeiharibu. Sheria ya mauzo ya bidhaa inachukulia kwamba anayeuza kitu ana haki ya kukiuza, na kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na maelezo unayohitaji ili uzitumie. Simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu mwingine inashindwa pande zote mbili. Ukiona dalili za wizi, ripoti polisi na uchukue nambari ya OB. Kubaki nayo kimya kunakuweka kwenye kile kifungu cha 322. Ukiwa na muuzaji anayejulikana na duka linalojulikana, lakini anakuzungusha, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka wa 2021 na sasa iko miji mingi. Inasikiliza madai hadi shilingi milioni 1, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Beba kitambulisho, ujumbe wa malipo, na ile risiti yenye IMEI.